Bukonzo Joint

Bukonzo Joint ni ushirika wa akiba na mikopo wa wakulima wa Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Ulianzishwa mwaka 1999, na makao yake yako Kyarumba, katika vilima vya Ruwenzori. Umejulikana zaidi kwa kuwafundisha wanachama kupanga fedha kwa kuchora. Kila mmoja huchora barabara: mwanzoni hali yake ya leo, mwishoni maisha anayoyataka, katikati hatua za kuweka akiba, pembeni fursa na vikwazo. Asiyejua kusoma hupanga sawasawa na mwalimu. Mbinu hiyo, GALS, ilikuzwa humo na mtafiti Linda Mayoux pamoja na shirika la Oxfam Novib.

Uzito wa mbinu hiyo uko nyumbani. Mume na mke huchora mti unaoonyesha nani hufanya kazi gani, nani hutumia nini na mali ni ya nani. Wengine wamekubaliana kumiliki ardhi pamoja. Akiba nayo ni muhimu, kwa kuwa fedha ya kahawa wanayolima huja kwa msimu, na mkulima asiye na akiba hushawishika kuuza kahawa ingali maua, kwa bei duni. Kwake, akiba ndiyo hatua ya kwanza ya kujitegemea.