Jembe, mbegu na posho ya msimu mmoja

Mwezi Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Michel Micombero iliujibu kwa mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Walionusurika walikimbilia Tanzania kwa makumi ya maelfu, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi ya Ziwa Tanganyika.

Hawakuachwa mpakani. Serikali ya Tanzania iliwahamishia bara, kwenye misitu ya miombo iliyokuwa na watu wachache na mbung'o wengi. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilianza 1972. Katumba ikafuata 1973, kisha Mishamo 1978, zote mbili katika Mpanda ya wakati ule. Serikali ilitoa ardhi, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likatafuta fedha, na TCRS, shirika lililoanzishwa kwa msaada wa Walutheri mwaka 1964, likapasua barabara na kujenga shule na zahanati.

Kila familia ilikatiwa shamba. Ilipewa pia zana, mbegu na posho ya kuivusha hadi mavuno. Kadiri maghala yalivyojaa, posho ilipungua, mwishowe ikakoma. Mahindi, maharage na mihogo vililisha nyumba. Tumbaku ilileta fedha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa mikononi mwa serikali, na mwaka 1983 Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alitunukiwa nishani ya Nansen, ya UNHCR kwa waliowatumikia wakimbizi.

Uhuru wao, hata hivyo, ulikuwa na mpaka: aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali.

Miaka ya 1990 ilibadili mambo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 na kujazana Benaco, wilayani Ngara. Kuni zilikwisha, visima vikaelemewa, na miongoni mwa wakimbizi walikuwamo waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka uliofuata Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaja na masharti makali, na mkimbizi akawa wa kukaa kambini akingoja mgao. Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, ilikulia katika utaratibu huo.

Wale wa 1972 walifuata njia nyingine. Kuanzia 2007 waliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Wengi walichagua kubaki, na mwaka 2014 Rais Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000.

Miezi michache baadaye, mwaka 2015, Burundi ilichafuka tena kwa mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Maelfu ya waliokimbia walikwama kijijini Kagunga, upande wa Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingilia, na meli kongwe ya MV Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma.

Anayetaka kuwasaidia watu kama hao ana sababu ya kuuliza zaidi ya idadi ya magunia: wanaruhusiwa kulima, kuuza, kuajiriwa? Waliofika 2015 walipelekwa Nyarugusu na kambi jirani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilijaribu kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha za kununulia chakula sokoni. Mwaka 2017 serikali ilisitisha mpango huo.