Sura chini ya kombinezo: juu ya nini tuwachore waganga wetu

Leo siongelei mihogo wala mbolea. Naongelea sura za watu.

Mwaka 1976, pale Yambuku, kaskazini mwa inchi yetu, ugonjwa wenye baadaye uliitwa Ebola uliingia katika hospitali ya misioni. Ilikuwa na wafanyakazi 17. 13 kati yao waliambukizwa, 11 wakafariki, hospitali ikafungwa. Leo dunia nzima inajua jina la Ebola, na lenyewe ni jina la mto. Lakini uliza mtu wa hapa kwetu akuonyeshe sura ya mmoja tu wa wale 11. Hesabu yao tuko nayo, sura hatuna. Njo neno langu la leo: hesabu inabaki katika raporo, sura njo inabaki katika roho ya watu.

Sura inaweza kupotea, inaweza pia kurudi. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Wakati wa vita ya Crimea aliomba wakubwa wa Uingereza wamtume kuuguza askari, wakamkatalia. Akajilipia safari mwenyewe, akafungua nyumba karibu na Balaclava, akalisha na kuuguza askari kule. Mwaka 1869, Albert Charles Challen alimchora kwa rangi: kitambaa chekundu shingoni, medali 3 kifuani. Seacole alikufa mwaka 1881, na polepole watu wakamsahau, wakati Florence Nightingale alikuwa anajulikana kila mahali. Ile picha ya Challen ikatumiwa kama ubao wa nyuma wa picha ingine ndani ya kadre, sura imegeuzwa ndani. Ilikuja kuonekana tena katika miaka ya 2000, na leo iko katika National Portrait Gallery, London. Mtu aligeuza ubao, mama akarudi. Lakini kama Challen hangechora, wangegeuza nini?

Ile inchi ya Uingereza tena, mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa Korona: mchoraji mmoja wa Oxford, Tom Croft, alitangaza kwenye Instagram kwamba atamchora bure mfanyakazi wa afya wa kwanza mwenye atamjibu. Muuguzi mmoja wa Manchester akajibu, akachorwa na mavazi yake ya kujikinga. Wengine wengi wakaomba. Croft aliona peke yake hataweza, akaita wachoraji wenzake: kila mmoja achukue mtu mmoja, amchore, kisha picha iende kwa yule mwenye kuchorwa. Picha zikafika mamia. Nguvu ya ile kazi iko hapa: hakuna mtu alichora "mashujaa" kwa jumla. Kila mchoraji alikuwa na mtu mmoja mbele yake, na pua yake, na alama ya maski kwenye mashavu yake.

Sasa turudi kwetu. Siye wa Beni na Butembo tunajua, juu Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilipita katika nyumba zetu: wagonjwa 3 470, wafu 2 287. Nilikuwa bado mwanafunzi. Watu wa riposte walikuwa wanashuka katika gari wamefunikwa toka kichwa mpaka miguu, unaona paka miwani. Mtoto analia, mama anafunga mlango. Woga ulikuwa na sababu nyingi, vita na siasa zikiwa ndani, lakini kukosa kuona sura kuliongeza woga. Kule Liberia, mwaka 2015, msanii Mary Beth Heffernan alisaidia waganga kubandika picha za sura zao juu ya kombinezo, mgonjwa ajue nani anamgusa. Na Beni, shirika ALIMA lilileta CUBE, chumba chenye kuta za plastiki zenye kuonekana ndani, mgonjwa na jamaa yake waonane.

Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa na watu wa silaha pale pale Butembo, ndani ya hospitali. Alitoka mbali kuja kutupigania. Watoto wa shule wangapi wa Butembo wanajua sura yake?

Mtu atasema: picha tuko nazo katika simu. Kweli. Lakini sisi wa agronomia tulifundishwa kuchora jani na mizizi kwa mkono, hata kama kamera iko. Juu ya nini? Juu mkono unalazimisha jicho kukaa. Kumchora mtu ni kumpa saa zako. Na kuchora historia si kitu kigeni kwetu: Tshibumba Kanda-Matulu, wa Lubumbashi, alichora historia ya inchi katika miaka ya 1970, Lumumba akiwemo.

Mwingine atasema: muuguzi hajalipwa, unamletea picha? Ako na haki. Picha hailipi minerval ya watoto, na haifai kuchukua nafasi ya mshahara wala prime ya hatari. Heshima yenye inakuja pa nafasi ya deni ni uongo. Lakini ni vigumu zaidi kunyima haki mtu mwenye sura yake iko ukutani na jina lake chini, kuliko "personeli" tu.

Basi naomba hivi. Tuko na wenzetu wenye kuchora vizuri. Kila mmoja achague kituo cha afya cha karibu, aombe ruhusa, achore mtu mmoja: muuguzi, mkunga, hata yule mwenye kufua mashuka na kuzika kwa usalama. Aandike jina lote, mahali na mwaka. Picha yenyewe apewe mwenye sura, ao jamaa yake kama amekufa. Kopi ibaki ukutani.

Tuanze na wenye wako hai, wajionee.