Kiashiria cha Kibiolojia: Sumu ya Shambani Inaposomwa Kwenye Damu

Mulot iko mpakani mwa Bomet na Narok, na ukiteremka huko kutoka nyanda za majani chai unaona kilimo kikibadilika njiani. Chai inabaki juu kwenye baridi na mvua. Chini yake yanaanza mahindi, vitunguu, nyanya na mifugo. Dawa nazo hubadilika. Kwenye chai hupigwa zaidi dawa ya magugu. Kwa mkulima wa nyanya, pampu ya mgongoni haipumziki siku nyingi; ng'ombe wanahitaji dawa ya kupe; na mahindi yakishapukuchuliwa huchanganywa na unga wa Actellic wa kuua wadudu kabla ya kutiwa guniani. Zote zinaitwa dawa. Ndiyo maana mtu aliyepiga dawa asubuhi, jioni akaumwa kichwa, akatokwa jasho na kutapika, husema ana malaria. Asipoulizwa kazi yake, huenda akarudishwa nyumbani na vidonge vya malaria.

Kuna njia ya kuuliza mwili wenyewe, na njia hiyo inahitaji jina. Wapo wanaoandika bayomaka, wapo wanaosema alama ya kibiolojia. Mimi nashikilia kiashiria cha kibiolojia. Dalili ni kile anachohisi mgonjwa au anachokiona daktari, na dalili za sumu hufanana mno na za homa. Alama nayo inaweza kuwa kovu tu. Kiashiria kinaelekeza kwenye jambo lililojificha, tena kinapimika kwa tarakimu. Shirika la Afya Duniani, katika chapisho lake la 1993 kuhusu suala hili, lilikieleza kwa upana: ni kipimo cha karibu chochote kinachoonyesha jinsi mwili ulivyokutana na kitu cha hatari kutoka katika mazingira.

Viashiria hivyo vimegawanywa katika makundi matatu. Cha kwanza nakiita kiashiria cha kuingia: sumu yenyewe, au mabaki yake baada ya mwili kuivunjavunja. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huacha mabaki kwenye mkojo, lakini mengi hutoka ndani ya siku chache, kwa hiyo mkojo wa leo hausemi lolote kuhusu mwezi uliopita. Cha mwisho ni kiashiria cha wepesi wa kudhurika, kama kimeng'enya cha paraoksonasi, ambacho husaidia kuvunja baadhi ya sumu hizo na ambacho nguvu yake hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa kuzaliwa. Katikati kuna kiashiria cha athari, na hapo ndipo penye uzito.

Neva inapotaka msuli ukaze hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kimeng'enya cha asetilikolinesterasi huifuta papo hapo ili msuli ulegee. Oganofosfeti hukishika kimeng'enya hicho kikashindwa kufanya kazi, na amri ya neva ikabaki bila kufutwa: mboni za macho husinyaa, mate na kamasi hutiririka, misuli huchezacheza, kifua hubana. Kifo mara nyingi huja kwa kushindwa kupumua. Bahati ni kwamba kimeng'enya hicho hicho kimo pia kwenye chembe nyekundu za damu, basi tone la damu linaweza kuisemea neva isiyofikika kwa sindano. Mwaka 1961 George Ellman na wenzake walichapisha njia ya kukipima kwa rangi: kimeng'enya kikifanya kazi, mchanganyiko hugeuka manjano, na kadiri kilivyodhoofika ndivyo manjano inavyofifia. Leo kuna kifaa cha kubebwa mkononi kinachotumia damu ya kidoleni na kutoa jibu kwa dakika chache.

Kenya haikuachwa nyuma katika jambo hili. Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walipima kimeng'enya hiki kwa wafanyakazi wa mashambani Naivasha, Homa Bay, Wundanyi na Migori, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997 na 2000. Jambo moja katika kazi yao halipaswi kusahaulika: watu walilalamikia dalili hata pale kimeng'enya kilipokuwa kimeshuka kwa kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa hakina madhara.

Ugumu uko hapa. Kiwango cha kawaida hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Tuseme mkulima wa Mulot kwa kawaida yake yuko juu. Akishuka kwa asilimia 30 bado anaweza kuangukia ndani ya mipaka ya kawaida, na fundi wa maabara ataandika kwamba hana neno. Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile cha awali, kilichochukuliwa kabla ya msimu wa kupiga dawa. Jimbo la California nchini Marekani liliweka sharti hilo tangu 1974. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango cha mfanyakazi mwenyewe, anaondolewa kwenye dawa, na harudi mpaka kifike 80. Kwa kibarua anayepigia watu dawa kwa malipo ya siku, sharti kama hilo lingekuwa ulinzi mkubwa kuliko glavu zisizovalika kwenye jua.

Kiashiria hiki hakisemi kila kitu. Kabameti, jamii nyingine ya viuatilifu, nazo hukishika kimeng'enya, ila hukiachia ndani ya saa chache, hata ndani ya chupa ya damu isipowekwa kwenye baridi. Glaifoseti, dawa ya magugu ya kwenye chai, haikigusi kwa kiasi cha kutegemewa. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, hutafutwa kwenye mkojo, ambao hugeuka buluu ukitiwa kemikali ya ditionaiti.

Na aliyekosa kipimo cha awali? Aondolewe kwenye dawa, apimwe leo na arudiwe baada ya wiki kadhaa. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na kimeng'enya kilichoharibiwa hurudi polepole, karibu asilimia moja kwa siku, kadiri chembe mpya zinavyozaliwa. Tarakimu zikiendelea kupanda, ile ya kwanza ilikuwa ya sumu. Zikikoma kupanda, hapo ndipo penye kiwango chake, na ndicho cha kuandikwa kwenye kadi yake kabla hajashika pampu tena.