Asante kwa Nani?

Mtoto wa Kitengela akianza gofu, adabu hutangulia: vua kofia, mpe mwenzako mkono, sawazisha mchanga uliokanyaga, rudisha kipande cha nyasi ulichotifua. Na useme asante. Sawa kabisa. Lakini asante kwa nani? Kwa kawaida ni mzazi, kocha na mdhamini, basi. Ukisoma historia, orodha hiyo ni fupi mno.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1904, mkataba na Waingereza uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, ukawagawa pande mbili: Laikipia kaskazini, na kusini, upande huu wa Kajiado. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo yangebaki yao maadamu Wamaasai wapo. Ahadi ilidumu miaka 7. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia pia, wakahamishiwa kusini na mifugo yao. Walipoenda kortini mwaka 1913, kesi ikatupwa.

Katikati ya hayo yote, mwaka 1906, walowezi walianzisha Nairobi Golf Club. Mfalme aliipa jina la Royal mwaka 1935. Mwafrika aliingia humo kwa kazi tu: kukata nyasi, kupika, kubeba mfuko wa fimbo za mwenzake.

Ila kedi ana macho. Alisoma upepo, mteremko na makosa ya bosi wake, kisha akajaribu mwenyewe na fimbo kuukuu. Mashindano ya Kenya Open yalipoanza mwaka 1967, miaka michache baada ya uhuru, njia hiyo ya kedi ndiyo iliyokuja kuwatoa wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa. Dismas Indiza wa Mumias ni mmoja wao. Kwa hivyo yule anayekubebea mfuko leo si mtumishi tu. Ndiye mrithi wa shule iliyoujenga mchezo huu hapa kwetu. Jua jina lake. Msalimie kabla ya shimo la kwanza, si baada ya kushinda.

Kwa ardhi, mambo ni magumu kidogo. Huwezi kumshukuru mtu kwa kitu alichonyang'anywa kana kwamba alikupa zawadi. Hapo shukrani ya kweli huanza na kujua: nani alilisha ng'ombe hapa, aliondokaje, na watoto wake wako wapi sasa. Wengine wako darasa moja na wewe.

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Punda ana udhuru; hajui aliyemlisha. Kijana anayefunzwa gofu Kajiado anaweza kujua. Mfunzeni "ashe", asante ya Kimaasai, lakini mfunzeni na hadithi iliyo nyuma yake. Bila hadithi hiyo, asante inabaki adabu ya kupigia picha na kombe.