Viboko 39 vya Paulo

Kwetu Afrika Mashariki ushuhuda wa kuokoka una njia yake, hasa tangu uamsho wa miaka ya 1930 ulioenea kutoka Gahini, Rwanda. Mtu husimama, hutaja ulevi wake au uzinzi wake, kisha husimulia siku Bwana alipomkuta. Kwa masikio hayo hayo tumezoea kumsikiliza Paulo, na hapo ndipo tunapompotosha.

Alipowaandikia Wafilipi habari za maisha yake ya zamani, Paulo hakuungama uchafu wowote. Alihesabu heshima zake: kutahiriwa siku ya 8, kabila la Benyamini, Ufarisayo, na kwa haki ya Torati hakuwa na lawama. Kweli, yote hayo aliyaona hasara mbele ya Kristo, ila anayepata hasara ni yule aliyekuwa na mali. Kwa Wagalatia alieleza kwamba Mungu alimtenga tangu tumboni mwa mama yake, na hayo ni maneno ya wito wa Isaya na Yeremia. Mwaka 1963 Krister Stendahl, mwanateolojia wa Sweden, alisisitiza jambo hili: kilichompata Paulo njiani kwenda Dameski kinafaa kuitwa wito kuliko kuhama dini.

Mimi huusadiki zaidi mgongo wake. Aliwaandikia Wakorintho kwamba Wayahudi walimchapa mara 5, kila mara viboko 40 kasoro kimoja. Torati ilikataza kuzidisha 40, wakapunguza kimoja. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200, inaeleza adhabu hiyo: ukanda wa ngozi ya ndama, theluthi moja ya mapigo kifuani, theluthi mbili mgongoni. Ilikuwa adhabu ya sinagogi kwa watu wake, na aliyejitoa hakuwa chini yake. Paulo alirudi mara 5, akainama, akapigwa kama ndugu aliyekosa.

Matendo ya Mitume husimulia habari ya njia ya Dameski mara 3, na kitabu hicho hicho kinamwonyesha akinyoa kichwa Kenkrea kwa ajili ya nadhiri. Karibu na mwaka 57 alifika Yerusalemu. Yakobo, kiongozi wa kanisa la huko, na wazee wakamwomba awagharamie watu 4 waliokuwa na nadhiri. Akajitakasa pamoja nao, akaingia hekaluni kutoa taarifa ya siku ya sadaka zao. Humo ndimo alimokamatwa.