Ubongo kwenye Mizani

Langas hatusemi mtu ana sonona. Tunasema amelemewa, ama ana stresi, ama tunanyamaza tu. Siku akipanda matatu aende tao kumwona daktari, atapewa tembe na kuambiwa asubiri wiki kadhaa. Zikimkataa, anabadilishiwa. Duniani kote ni hivyo: ni kubahatisha, ila kwa heshima.

Wapo wanaotaka kuimaliza hiyo bahati nasibu. Mwaka 1997, Helen Mayberg na wenzake kule Marekani walipiga picha za ubongo za wagonjwa kabla ya tiba. Kwa waliokuja kupata nafuu, sehemu moja ya mbele iitwayo singuleti ilikuwa inachoma sukari kwa wingi. Kwa wale ambao dawa iliwakataa, ilikuwa imezubaa. Mwaka 2013 timu yake ikataja sehemu nyingine, insula, inayoweza kudokeza nani apewe dawa na nani apewe tiba ya mazungumzo. Bado ni dokezo tu.

Lakini sisi huku tukisikia daktari anataka kuona ubongo, tuna sababu ya kushtuka. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa Nairobi, alichapisha vipimo vya bongo 100 za Waafrika waliokufa. Akasema ni nyepesi kuliko za Wazungu, na gamba lake la nje ni jembamba. Mizani haikuuliza walikula nini utotoni.

Halafu akaja J. C. Carothers. Alikabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa mtaalamu wa akili. Mwaka 1951 akaandika kwamba Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kidogo mno, kama Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata. Sonona, alisema, ni nadra kwetu. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Miaka minne baadaye, Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza imipramini, dawa ya ugonjwa ambao sisi tulishaambiwa hatuugui.

Nenda kawaambie hivyo waliokimbia Langas Januari 2008, nyumba zikiwaka nyuma yao.

Kompyuta iliyofundishwa kwa bongo za Marekani itabashiri za Marekani. Kwa hiyo nataka zetu ziwemo. Na bado naogopa.

Nilimsimulia jirani haya yote. Akauliza kama hiyo MRI inauma. Nikamwambia haiumi, inapiga kelele tu. Akafikiria kidogo, akauliza picha inabaki na nani.