Shilingi, Khanga na Dansi: Maisha ya Mjini Dar es Salaam Katika Miaka ya Sitini

Historia ya taifa letu hufundishwa kwa kawaida kwa kufuata siku zake kuu: tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, tarehe 26 Aprili 1964, siku ya Muungano, tarehe 5 Februari 1967, siku lilipotangazwa Azimio la Arusha. Tarehe hizo ni nguzo, na hapana mwanafunzi anayeweza kujenga nyumba ya historia bila nguzo. Lakini nguzo peke yake si nyumba. Baina ya sikukuu moja na nyingine zimo siku nyingi za kazi, ambazo mwananchi aliamka alfajiri, akahesabu senti alizobakiwa nazo, akaenda kibaruani, akarudi jioni na unga wa ugali. Siku hizo nazo zina historia yake.

Insha hii yatazama siku hizo katika mji mmoja tu, Dar es Salaam, tangu Uhuru hadi mwisho wa mwaka 1969. Swali lake ni hili: utamaduni tunaouita wa taifa uliundwa na nani, na ni nani aliyelipa gharama yake?

Yafaa tuanze na mji wenyewe. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 mjini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka kumi mji ulizidi maradufu. Wengi wa wageni hao walikuwa vijana kutoka bara, nao walipokewa na ndugu zao katika mitaa ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Nyumba ya kawaida ilikuwa ile ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma ambako wapangaji wote walipika na kufua. Chumba kimoja kilipangishwa na mtu mmoja, lakini mara nyingi kililaza watu wanne au watano. Uani ndiko Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni walikojifunza kuishi pamoja, nao walielewana kwa Kiswahili. Yaani kabla serikali haijaamrisha kitu chochote juu ya umoja wa taifa, wapangaji walikuwa wamekwisha kuuanza, kwa sababu jiko na kisima ni vya shirika.

Je, watu hawa waliishi kwa kiasi gani? Kuanzia mwaka 1963 sheria iliweka mshahara wa chini kuwa shilingi 150 kwa mwezi katika Dar es Salaam, na kiasi kidogo kuliko hicho katika miji mingine na mashambani. Kiasi hicho, kikigawanywa kwa siku thelathini, ni shilingi tano kwa siku. Katika shilingi tano hizo mlikuwamo kodi ya chumba, unga, mchele wa siku moja moja, sukari, sabuni, mafuta ya taa, nauli ya basi, na fedha za kuwapelekea wazee nyumbani. Basi hatushangai kwamba mnunuzi wa mjini hakununua kwa gunia wala kwa debe. Alinunua kwa kibaba, kwa robo ratili, kwa fungu la nyanya, kwa kikopo cha mafuta. Mwenye mshahara mdogo hulazimika kununua kidogo kidogo, na anunuaye kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa wingi. Hiyo ndiyo kodi isiyoandikwa ambayo maskini hulipa kila mahali.

Katikati ya mwezi, fedha zilipokwisha, palibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukopa dukani, jina likaandikwa katika daftari la mwenye duka hadi mwisho wa mwezi. Ya pili ilikuwa upatu, ambao wanawake waliuendesha kwa uaminifu mkubwa: kila mmoja alitoa fungu lake, na kila zamu mmoja alipokea mafungu yote. Kwa upatu mama aliweza kununua kitanda, cherehani au doti za khanga, vitu ambavyo shilingi tano za siku zisingenunua kamwe.

Lakini si kila kijana aliyefika mjini aliupata huo mshahara wa chini. Baada ya mwaka 1964 bei ya katani ilianguka katika soko la dunia, hasa kwa sababu kamba zilianza kutengenezwa kwa nyuzi za viwandani, na mashamba ya katani yakapunguza wafanyakazi wengi. Aliyekosa kazi shambani aliitafuta mjini, na mjini pia kazi zilikuwa chache.

Fedha yenyewe ilibadilika katika miaka hiyo. Wakati wa Uhuru wananchi walitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotumika pia Kenya na Uganda. Wazee wanazikumbuka senti kumi zenye tundu katikati na picha ya pembe za ndovu, na shilingi yenye simba na milima. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi na kutoa shilingi yetu. Upande mmoja wa sarafu mlikuwa na sura ya Rais, na upande wa pili palikuwa na samaki katika senti tano, mbuni katika senti ishirini, sungura katika senti hamsini, na mkono ulioshika mwenge katika shilingi moja. Thamani iliandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mtoto aliyetumwa dukani sasa alishika mkononi maneno ya lugha yake mwenyewe.

Shilingi ile ile ilionyesha pia jinsi wananchi walivyotofautiana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao mia nne, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mpango huo uliwataka wafanye kazi miezi kumi na minane kwa asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangepata. Rais aliwafukuza masomoni, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake kwa asilimia ishirini. Mshahara huo ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: shilingi 5,000 ni mshahara wa chini wa wafanyakazi thelathini na watatu. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Kwa msomaji wa vitabu hayo ni masharti ya uongozi. Kwa mpangaji wa Ilala yalikuwa maneno yanayohusu kodi ya chumba chake.

Hata hivyo, mwanadamu haishi kwa unga peke yake. Jumamosi jioni kijana aliyekula mihogo mchana kutwa alipiga pasi suruali yake, akaenda kwenye dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeanzishwa tangu mwaka 1932. Western Jazz Band ilijulikana kwa mtindo wake wa Saboso. Kilwa Jazz Band nayo ilikuwa na wapenzi wake, na kutoka Morogoro zilikuja sifa za Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki mwaka 1965, na za Morogoro Jazz Band aliyopigia Mbaraka Mwinshehe. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya chama, na wapigaji walikuwa makarani, mafundi au vibarua ambao mchana walifanya kazi nyingine. Mwaka 1964 wafanyakazi waliunganishwa katika chama kimoja, NUTA, na chama hicho kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wapigaji wake walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa: kupiga gitaa sasa kulihesabiwa kuwa kazi.

Mapigo ya muziki huo hayakuzaliwa kwetu. Mengi yalitoka Cuba kwa njia ya santuri zilizoanza kuuzwa Afrika tangu miaka ya thelathini, na mengine yalitoka Kongo. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili, na habari zake zilikuwa za hapa: mapenzi, safari, misiba, sifa za viongozi, na taabu ya kukosa fedha. Redio ndiyo iliyouchukua muziki huo hadi vijijini. Mwaka 1965 shirika la utangazaji liligeuzwa kuwa idara ya serikali, likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndogo za betri zilipoenea, ua mzima ulisikiliza redio ya mpangaji mmoja. Tafsiri ya umoja wa taifa ilikuwa hiyo pia: mkulima wa Songea na kuli wa bandarini kuusikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja.

Wanawake walikuwa na gazeti lao, nalo ni khanga. Khanga huuzwa kwa jozi, na kila moja ina maneno yake. Aliyetaka kumjibu jirani bila kugombana alivaa jibu lake kiunoni. Khanga nyingi za miaka hiyo zilitoka ng’ambo, hasa Japani na India, hata zile zilizosifu Uhuru wetu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, nacho kiliwasaidia watu kuvaa kilichofumwa nyumbani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko Gombe Sugu, Mangala au Lele Mama. Neno lake lilikuwa la haki, kwani mkoloni alikuwa amewafundisha watu kuzidharau ngoma zao. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa.

Lakini methali hiyo haikusema mila ni ipi, wala nani ahukumu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana wa kiume huko Kariakoo yaliwashusha wanawake katika mabasi na kuwashambulia kwa sababu ya nguo walizovaa, hata ikabidi polisi waingilie. Waliodhalilishwa mbele ya watu hawakuwa mabepari. Wengi walikuwa wasichana wa mjini, waendao kazini au sokoni kwa basi.

Magazetini palizuka ubishi mkubwa. Wako waliosema kwamba nguo fupi ni mabaki ya ukoloni na tusi kwa wazazi. Wako waliojibu kwamba suti na tai pia zilitoka Ulaya, na kwamba mababu zetu hawakuvaa magauni marefu. Tukilitazama jambo hilo pamoja na habari za mapato, twaona neno jingine tena. Msichana aliyekuwa karani alikuwa na mshahara wake mwenyewe, jambo jipya katika mji uliozoea mume kushika fedha. Gauni lake lilionyesha kwamba fedha hiyo ni jasho lake, na kijana asiye na kazi aliyemwona akipita hakukasirishwa na urefu wa nguo tu. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi nao ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Dansi lenye asili ya Cuba, hata hivyo, liliendelea kupigwa na bendi ya chama cha wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kulifanya lao.

Hapo ndipo jibu lilipo. Kiswahili cha uani, upatu, khanga na dansi havikuletwa na amri. Viliundwa na watu wenye shilingi tano kwa siku, ambao walichukua kilichopatikana, cha nyumbani na cha kigeni, wakakifanya chao. Serikali ilifanya kazi njema ilipovipa vitu hivyo heshima, redio, mishahara na viwanda. Ilipoachia utamaduni ulindwe kwa mikono ya makundi barabarani, gharama iliwaangukia wasiokuwa na nguvu, na zaidi wanawake.

Walimu na wanafunzi watakaosoma insha hii wanayo maktaba moja karibu nao, nayo ni wazee wa mitaani mwao. Waulizwe walilipwa kiasi gani, walinunua nini, walicheza dansi wapi, na walivaa nini siku ile walipoogopa kupanda basi. Majibu yao yaandikwe upesi, kwani kila mwaka wanaokumbuka wanapungua.